Usimkataze mwanao kumkimbiza mbwa kwa baiskeli, anza na chanjo

Baba mmoja wa Korogwe amenitumia swali ambalo sikulitarajia katika safu hii. Mwanawe yuko kidato cha pili, amefuga mbwa dume mwenye damu ya wale wa polisi, wenye masikio yaliyosimama, na kila jioni anamtoa kukimbia kando ya baiskeli. Kijana ameona kwenye simu kwamba Ulaya kuna mtihani wa mbwa wa namna hiyo: mbwa anakimbia kilomita 20 pembeni ya baiskeli ya mwenyewe, akifaulu anapewa cheo. Naye sasa anataka wa kwake aweze. Baba anauliza kama amzuie. Anaogopa magari, anaogopa meno ya mbwa, na anaona mtoto anarudi hoi kuliko mbwa mwenyewe.

Jibu langu ni fupi. Usimzuie. Ila mbwa huyo asitoke tena uani kabla hajachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili si la nyumba moja. Pita asubuhi njia za Kideleko, Sindeni au Kwamatuku kule Handeni, au njia za mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, utakutana na kijana juu ya baiskeli na mbwa anayechapua mwendo nyuma yake. Mmoja anakwenda kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, mwingine anafuata ng'ombe. Hakuna anayewapa vyeo, lakini kwa mwili wa mbwa na wa kijana, safari ni ile ile. Tofauti ni kwamba Ulaya ina kanuni, na sisi tunakwenda tu.

Mtihani wenyewe upo kweli, kijana hakudanganywa. Ulianzia kwa Wajerumani, kwenye chama cha wafugaji wa mbwa wao wachungaji kilichoundwa mwaka 1899. (Miaka mitatu baadaye, mwaka 1902, reli yao ya kutoka Tanga ilifika Korogwe, lakini mtihani wa mbwa hawakutuletea.) Mbwa wa maonesho, hata awe na umbo la kupendeza kiasi gani mbele ya majaji, kwao hapitishwi kuwa mzazi wa kizazi kingine mpaka athibitishe kwamba moyo, mapafu na viungo vyake vinahimili kazi. Hapo ndipo baiskeli inapoingia. Anakimbia kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, yaani mchakamchaka, si mbio za kufukuza sungura. Baada ya kilomita 8 anapumzika dakika 15. Baada ya kilomita 15 anapumzika dakika 20. Kila mapumziko, mwamuzi anamtazama: nyayo zimechubuka? Anachechemea? Macho yamelegea? Akimaliza zote 20 anapumzishwa tena, kisha anatakiwa kumtii bwana wake kwa amri ndogo ndogo, kuonesha kwamba bado ana akili zake timamu.

Hakuna mshindi wa kwanza wala wa pili. Anayeshangiliwa ni mbwa aliyefika akiwa mzima. Nimeupenda mtihani huo kwa jicho la kidaktari, maana hata sisi mgonjwa wa moyo hatumuulizi amekimbia kasi gani, tunaangalia mapigo yake yanarudi vipi baada ya kutembea.

Mambo mawili katika kanuni hizo baba wa Korogwe ayasome na mwanawe. La kwanza, mbwa chini ya miezi 16 haruhusiwi. Mifupa yake bado inakua, na kumkimbiza mwendo mrefu kila siku kunaharibu viungo ambavyo havitarekebishika. La pili, joto likizidi nyuzi 22 mtihani haufanyiki. Fikiria hilo kwa Korogwe. Mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, mtihani ungefutwa kabla mwamuzi hajavua koti. Handeni iko juu kidogo na kuna ahueni, lakini jua la mchana halina huruma kokote. Maana yake kwetu ni kwamba mazoezi haya ni ya alfajiri, na miezi ya kuyafanya kwa umakini ni Juni hadi Agosti. Kumtoa mbwa saa tisa alasiri baada ya shule ni kumpika.

Nasema kumpika kwa sababu mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi, na jasho kidogo kwenye nyayo. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 ubongo na figo vinaanza kuumia. Mbwa anayependwa na kijana wake hatasimama kuomba kupumzika, atakimbia mpaka aanguke. Lami nayo ni jiko. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake, ukishindwa kuhesabu hadi saba bila kuuondoa, nyayo za mbwa hazitaweza pia. Afadhali njia ya udongo pembeni ya mkonge.

Kuhusu namna ya kumjenga, sitakaa sana kwa kuwa si taaluma yangu na daktari wa mifugo ataeleza vizuri zaidi. Ila misuli ni misuli. Kilomita 2 au 3, mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati, na kuongeza kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili endapo kesho yake anaamka bila kuchechemea. Kufika 20 ni kazi ya miezi. Asikimbizwe akiwa ametoka kula, na maji apewe kidogo kidogo njiani. Ugali mkavu na makombo havimfikishi mbali, anahitaji dagaa, damu au utumbo uliopikwa. Kijana anayetaka kilomita 20 mwezi ujao aambiwe kwamba hata Filbert Bayi hakuamka siku moja akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974.

Sasa nirudi kwenye sindano, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Mbwa anayelala kibarazani anakutana na mbwa wa jirani, basi. Mbwa anayekimbia kilomita 20 amepita karibu theluthi ya njia ya kutoka Korogwe hadi Handeni. Ukienda naye hivyo, unapita mbwa wa kila kitongoji. Watatoka, watambwekea, wengine watamrukia. Mmoja tu kati yao akiwa na kichaa, akamng'ata bega au mdomo wakati mwanao anahangaika na breki, umeingiza ugonjwa nyumbani kwako. Na hautaonekana leo. Mbwa atapona kidonda, ataendelea na mazoezi, na wiki kadhaa baadaye ndipo atabadilika.

Hapa kuna jambo ambalo naomba kila mzazi mwenye kijana wa namna hii alikumbuke. Dalili za mwanzo za kichaa cha mbwa zinafanana na dalili za mbwa aliyechoshwa na mazoezi. Anadondosha mate. Anayumba miguu ya nyuma. Anakataa chakula. Taya linalegea na maji hayamezeki. Kijana anayemfundisha mbwa atasema, "Nimemzidishia jana," kisha atampanua mdomo kwa mikono yake ampe maji, au atafute mfupa anaodhani umekwama kooni. Mate hayo ndiyo yenye virusi. Mkono wa kijana wa baiskeli hauna uhaba wa michubuko, ya mnyororo wa baiskeli, ya kuanguka, ya kamba. Goti lililochubuka ambalo mbwa amelilamba kwa upendo ni mlango pia. Wengi wanadhani lazima meno yaingie. Si lazima. Mate kwenye ngozi iliyochubuka, jichoni au mdomoni yanatosha.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mazoezi, kabla ya kilomita na mwendo: mbwa asiyechanjwa akionesha uchovu wa ajabu, usimguse mdomo. Mwagie maji tumboni na miguuni kwa mbali, mfungie kivulini, muite ofisa mifugo. Kama ni joto tu atanyanyuka.

Ugonjwa huu hauna mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu vyote barani Afrika na Asia, na karibu vyote kutokana na mbwa. Waathirika takribani wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Virusi vinapita kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, polepole, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine siku chache, wakati mwingine mwaka. Vikishafika na dalili zikaanza, homa, ganzi au mwasho pale palipong'atwa, kuogopa maji, kuogopa hata upepo, hatuna dawa. Naliandika hili nikijua linatisha. Nimesimama kando ya vitanda vya aina hiyo, na hakuna kitanda kingine wodini kinachomfanya daktari ajione mikono mitupu kama hicho.

Lakini ule upole wa safari ya virusi ndio unaotupa nafasi. Mwaka 1885, tarehe 6 Julai, huko Paris, Louis Pasteur alimsimamia mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya siku mbili kabla, akachomwa sindano za mfululizo. Mtoto akapona, akakua, akaishi hadi mwaka 1940. Chanjo za leo ni safi na salama kuliko ile, na zinawahi virusi njiani vilevile. Kinachotuua ni kuchelewa.

Na kwa nini watoto wanachelewa? Umbali upo, nauli ipo, na nitalisema suala la dawa kukosekana. Ila sababu ninayoikuta mara kwa mara nikimhoji mtoto mwenyewe, mama akiwa ametoka kidogo kwenda kufungua faili, ni hii: alificha. Alikuwa amekatazwa kucheza na mbwa. Akang'atwa, akajifuta kwa shati, akavaa suruali ndefu, akanyamaza. Aliona kipigo cha leo kuwa kikubwa kuliko kidonda. Mama anaambiwa wiki ya tatu, au haambiwi.

Ndiyo maana nasema usimkataze. Kijana wa miaka 15 aliyekatazwa mbwa hatamwacha mbwa, atampeleka kumfungia kwa rafiki yake upande wa pili wa mto na kuendelea. Utakuwa umepoteza kitu kimoja tu: kuambiwa. Mwanao anayefanya mazoezi kwa ruhusa yako, kwa saa unazozijua, kwa njia unayoijua, atakuja mbio kukwambia mbwa wa watu amemparua. Mwambie leo, kabla halijatokea, kwa maneno haya haya: "Ukiumwa na mbwa, wetu au wa watu, sitakuchapa, hata kama ulikuwa mahali nilikokukataza." Kisha utimize.

Akija, usipoteze muda kuuliza mbwa ni wa nani. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Sabuni yoyote, hata ya kipande. Dakika 15 ni ndefu mno mtoto akiwa analia, wengi huacha baada ya mbili. Mimina kwa jagi au kidumu kama hakuna bomba, mtu mwingine amshike. Kuosha huko peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya virusi.

Sehemu kubwa ya Handeni na Korogwe ni Waislamu, na kuosha mate ya mbwa si elimu mpya kwao. Nimeshukuru mara nyingi kukuta familia ambayo imeosha vizuri kwa sababu ya najisi kuliko iliyoosha kwa sababu ya ushauri wa redio. Naomba jambo moja tu: udongo usiingie kwenye jeraha lililo wazi. Twahara ya nguo, chombo na ngozi nzima ina utaratibu wake na masheikh wapo wa kuulizwa. Kidonda ni sabuni na maji, basi. Vivyo hivyo pilipili, maji ya betri, mafuta ya taa, jiwe jeusi la nyoka na majani yaliyotwangwa vikae mbali. Usikifunge kwa nguvu, usikubali kishonwe haraka kabla ya mhudumu kuamua. Kisha kituo cha afya au hospitali, siku hiyo hiyo.

Huko mtoto ataanzishiwa chanjo, na utapewa tarehe za kurudi. Usiruke hata moja kwa sababu kidonda kimekauka, maana hatutibu kidonda. Kama meno yamezama au damu imetoka, anahitaji pia sindano ya kinga ya haraka inayochomwa pembeni ya jeraha, hasa majeraha ya uso, kichwa na vidole, na atachomwa ya pepopunda kama hajakamilisha. Mjamzito anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Aliyeng'atwa mwezi uliopita akanyamaza naye aje leo, asiambiwe amechelewa na kurudishwa nyumbani.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa salama. Akiwa hai na mzima baada ya siku 10, mate yake hayakuwa na virusi siku ile, na daktari anaweza kusitisha chanjo. Akifa au akitoroka, mwendelezo unakuwa wa lazima. Watu wanamponda kwa mawe, wanamtupa Pangani, na sisi tunabaki kubahatisha. Akifa, muite ofisa mifugo achukue sampuli kwa ajili ya maabara, wala usimkate kichwa mwenyewe.

Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kinga inahitaji wiki tatu hadi nne kujengeka, kwa hiyo mbwa wa kijana wa Korogwe akichomwa wiki hii, mwezi mzima anabaki uani. Mwezi huo haupotei. Ndio wa kumfundisha kukaa, kusimama akiitwa, na kuzoea baiskeli inayosukumwa kwa mkono. Mbwa asiyesimama akiitwa hana kazi barabarani hata akiwa na mapafu ya farasi.

Barabarani kuna jambo dogo ambalo video za Ulaya zitamkosesha. Kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mbwa anakimbia kulia kwa baiskeli, mbali na magari. Sisi tunaendesha kushoto. Mbwa akikaa kulia kama kwenye video, yuko katikati ya njia ya malori yanayoshuka kutoka Handeni. Akae kushoto, upande wa majani. Kamba isifungwe kwenye usukani wala kuviringishwa kiganjani, ishikwe hivi kwamba mbwa akiruka kufukuza kuku, kijana anaiachia tu. Wodini tunawaona walioviringisha: mkono umeteguka, meno ya mbele yamebaki kwenye lami. Kamba ya katani, pamoja na fahari yetu ya Korogwe, inachubua mikono na shingo, bora mkanda wa kitambaa uliozungushwa kifuani mwa mbwa. Viatu vya kufunga, si ndala, maana kidole kikiingia kwenye spoku kazi ya kukishona ni yetu. Breki zote mbili. Kofia ngumu. Chini ya miaka 12 naona mtoto bado mdogo kumdhibiti mbwa mkubwa akiwa juu ya baiskeli, atembee naye kwa miguu.

Nawe baba, mtazame na mtoto, umesema anarudi hoi. Kama ana selimundu, jua, kiu na uchovu ni vitu vitatu vinavyoamsha maumivu makali ya mifupa, na mazoezi ya namna hii ayafanye baada ya kuzungumza na daktari wa kliniki yake, kwa mwendo mfupi na maji mengi. Mwenye pumu atembee na pampu yake mfukoni, vumbi la njia ya Handeni wakati wa kiangazi linajulikana. Mwenye homa asitoke kabisa siku hiyo, apimwe malaria. Na kijana yeyote anayelalamika kichwa, anayetapika au kuongea ovyo juani amepigwa na joto: kivuli, nguo zilizolowa maji, upepo, na hospitali kama haelewi anachosema. Nikikumbuka wazazi wangapi wananiletea watoto wa mijini waliokaa na simu mpaka uzito umewazidi, huyu wa kwako anayeamka alfajiri kufundisha mbwa namuonea wivu kidogo kwa niaba yao.

Zipo nchi jirani zilizolichukulia hili la maonesho kwa utaratibu, Nairobi kuna chama cha East Africa Kennel Club kinachoandaa maonesho ya mbwa. Kwetu mashindano si la kwanza. La kwanza ni halmashauri zetu. Wataalamu wanasema mbwa saba kati ya kumi katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa unakatika, na dunia imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2030 pasiwepo binadamu anayekufa kwa kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa. Kampeni ya siku moja makao makuu ya wilaya haifikii saba kati ya kumi. Mwenye mbwa wa kijiji cha ndani hawezi kupanda naye bodaboda mpaka Chanika. Sindano imfuate mbwa kitongojini, siku ya gulio, tarehe itangazwe msikitini na kanisani wiki mbili kabla, na vijana wenye baiskeli ndio watumwe kupita nyumba kwa nyumba, maana wanawajua mbwa wote kwa majina. Siku ya Kichaa Duniani ni 28 Septemba. Miaka mingi inapita kwetu kwa hotuba na fulana. Ningependa mwaka huu ipite kwa mabomba ya sindano.

Upande wetu wa afya nao hauko safi. Mzazi aliyeosha dakika 15, akakodi usafiri usiku, hapaswi kuambiwa chanjo imekwisha, nenda Tanga. Kituo kinachohudumia vijiji vya mbali kinajua kwamba mbwa watang'ata mwezi ujao kama mwezi uliopita, na kinaweza kuagiza kabla dozi hazijaisha. Ukiambiwa hakuna, usirudi nyumbani. Omba wapige simu kuuliza ipo wapi, chukua barua ya rufaa, nenda.

Wiki hii basi, baba wa Korogwe, mpeleke mwanao na mbwa wake kwa ofisa mifugo wa kata. Kijana ndiye amshike wakati wa sindano, ndiye anayeaminiwa. Ofisa akague meno, nyayo na moyo, aulizwe umri. Ataandika kadi yenye tarehe ya chanjo na ya marudio. Kadi hiyo iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwenye mfuko ule ule wa nailoni juu ya kabati, na namba ya simu ya ofisa nyuma yake.